Mwanangu Anayekwenda Kuzibua Mfereji wa Watu

Namsifu mwanangu,

Mambo ya pasipoti, soksi za sufu na dawa za mafua nimemwachia mama yako, maana hayo ndiyo fani yake. Mimi nina jambo moja tu la kukuandikia, na nitalitaja mapema ili usije ukasoma kurasa zote hizi ukijiuliza mzee anazunguka wapi. Nina wivu. Huzuni ya kuagana ipo pia, lakini imekaa viti vya nyuma. Mbele umekaa wivu, tena ule mbaya, wa kununa. Ninamwonea wivu bibi mmoja wa Kijapani aliyekwisha kupita miaka themanini, ambaye sijawahi hata kumpa mkono, yeye na kijiji chake, na milima yake, na mfereji wake.

Mama yako aliuona siku nyingi. Juzi alinikuta nimesimama mbele ya sanduku lako nikiliangalia tu, akaniambia, "Baba Namsifu, unanuna kama bi mkubwa aliyeletewa mke mwenza." Nikamwambia aniache. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Leo Jumapili, mchana. Wewe umekwenda Crescent Town kuagana na wenzako, mama yako yuko zamu kwa wazee anaowatunza, na mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni. Theluji ya Toronto inaanguka kule chini kwenye maegesho ya magari. Kesho nikishakufikisha uwanja wa ndege nitarudi kuizoa, maana fundi wa jengo hana ruhusa ya kuomboleza. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua unakisoma, hata kama tangu ulipoanza shule unanijibu kwa Kiingereza. Barua nitaitia kwenye sanduku, chini ya zile fulana. Utaikuta ukifika.

Jina la kijiji hicho sitaliandika humu. Wewe unalijua na mimi ninalijua, na nikitaka ninalitamka vizuri kabisa. Ila kinachonichukulia mtoto sikipi heshima ya kukitaja.

Na usidhani sikijui. Mwaka ule mzima uliokaa huko kwa masomo ulinipigia kila Jumapili, na mimi nilikuwa nikisikiliza kuliko ulivyodhani. Ninajua basi linapita asubuhi na jioni tu, na dereva akikuta kituo hakina mtu anapunguza mwendo hata hivyo, kwa mazoea. Ninajua shule imefungwa, lakini saa kubwa ya ukutani haijawahi kusimama, kwa kuwa kuna mzee aliyesoma pale ambaye hupanda ngazi kuibadilishia betri. Ninajua duka lilikufa na mwenye duka, na sasa kinakuja kigari kinachouza mayai, sabuni na tofu, kinaimba kikipanda mlima ili watu watoke. Zile nyumba zilizofungwa mbao madirishani, ulinieleza, majirani wanazifagilia mlangoni kila wiki, ili waliohamia mjini wasionekane wamezitupa. Kaki, yale matunda yao ya rangi ya chungwa, yanaivia mtini bila mchumaji mpaka kima wanashuka kutoka msituni kula. Siku ya sikukuu ya mungu wao kuna kijumba kizito kilichokuwa kikibebwa mabegani na vijana. Vijana hawapo, kijumba sasa kinapanda pikapu. Na yule mnayemwita "kijana wa kijiji" ameshatimiza miaka sitini na kitu.

Lililonishika zaidi ni ule wimbo. Kila saa kumi na moja jioni, ulisema, kipaza sauti juu ya nguzo kinapiga wimbo uliowekwa zamani kuwaita watoto waache kucheza warudi nyumbani. Watoto wameisha, wimbo unapigwa. Siku hiyo ulipokata simu nilimfuata mama yako nikamwambia, "Lakini hicho ni kijiji chetu."

Ni chetu kweli, Namsifu. Kule Upare, mlimani, nyumba za tofali zenye mabati mapya zimefungwa makufuli kuanzia Januari mpaka Krismasi. Zimejengwa na watoto walioko Dar, Arusha na kwingineko, nao huzifungua wiki mbili, wanachoma mbuzi, wanapiga picha, wanafunga. Waliobaki ni akina mama wazee na mbwa. Tofauti ni kwamba wenzetu kijiji chao kinapungua kikiwa na lami mpaka mlangoni, na choo cha umeme kinachompasha mtu moto makalio. Hata kuisha wanaisha kwa mpangilio! Na serikali yao imetoa tangazo: njooni, nyumba ipo, kazi ipo, tusaidieni kuishi. Wewe umeliitikia tangazo hilo. Kwetu hakuna aliyetangaza. Tuliondoka mmoja mmoja, kila mtu akidhani wengine wamebaki.

Basi, ile video. Ulinitumia mwaka jana, bila maelezo, mwezi wa nne. Niliifungua nikiwa chumba cha mashine za kufulia, mkono mmoja umeshika bomba la mtu lililozibwa na nywele. Niliona wazee tu, wamevaa kofia pana na gambuti, wamejipanga kwenye mfereji mwembamba unaoteremka kati ya matuta ya mpunga. Wewe umo katikati yao, tope magotini. Baadaye ulinieleza kuwa kila mwaka kabla ya kupanda mpunga kipaza sauti kinaita alfajiri, kila nyumba inatoa mtu mmoja, mfereji unasafishwa toka mlimani mpaka bondeni, na nyumba isiyoleta mtu inapeleka vinywaji na kuomba radhi.

Maelezo hayo sikuyahitaji. Huo ni msaragambo. Kwetu linapigwa baragumu badala ya kipaza sauti, na maji yanatoka kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilojenga mababu kule juu, lakini mengine yote ni yale yale. Kila nyumba mtu mmoja, kila nyumba kipande chake, na asiyetokea anapeleka pombe ya miwa na maneno mazuri.

Kisha kwenye video ukatupa tope. Nikairudisha nyuma, nikaangalia tena. Wazee wote walikuwa wakitupa upande wa chini wa mfereji, kama inavyotakiwa, maana tope la upande wa juu likinyeshewa linarudi lilikotoka. Lakini wao walitupa kwa nguvu ya mikono. Wewe ulikalisha mpini wa beleshi juu ya goti, ukazungusha kiuno, tope likaruka kupitia nyuma bila wewe kuangalia, likatua ukingoni. Mzee mmoja akapiga makofi. Bibi Haruko, mwenyeji wako, yule ninayemwonea wivu, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga hiyo video, alisikika akicheka na kusema neno nisilolijua.

Lile tupio ni la mama yangu. Mlima mzima hakuna mwingine anayetupa vile. Wanamtania tangu ujana wake kwamba anacheza ngoma mferejini.

Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyekuta kanga ya mama yake imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Niliizima simu, nikarudi kwenye bomba langu na nywele za watu, na jioni ulipopiga nikakuambia nimechoka.

Nilichukua siku kadhaa kukumbuka ulilipata wapi. Ulikuwa na miaka sita, una beleshi dogo jekundu la plastiki. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji inayeyuka, chemba ya maegesho imeziba, na nilikwenda nawe kazini kwa sababu mama yako alikuwa na mtihani. Nilikufundisha kwa mchezo tu. Nilisema, "Tupa chini, Namsifu, ukitupa juu kesho utaikuta imerudi." Nikakuonyesha goti, nikakuonyesha kiuno. Ulianguka, ukacheka, ukatupa tena. Maji yakapata njia, yakaenda kwa sauti, ukayapungia mkono. Hapo ndipo ulipolipata, Flemingdon Park, kati ya magari ya watu. Mimi nililisahau, goti lako halikusahau.

Kwa hiyo tazama safari yake. Lilitoka kwa mama, likapita kwangu, likavuka bahari mara mbili, na limeenda kutua kwenye mfereji wa Bibi Haruko. Mfereji wa mwenye tupio, wewe hujawahi hata kuukanyaga. Na aliyekuzuia ni mimi.

Unaikumbuka safari ile? Ulikuwa na miaka kumi. Tulikaa hoteli Same mjini, yenye feni na vyandarua, kwa sababu niliogopa utaugua mlimani nikaja kujibu mashtaka kwa mama yako. Tulipanda kijijini asubuhi tukashuka jioni. Mama alikuwa amekuandalia mambo yake. Akakushika mkono akakupeleka mpaka kwenye mfereji wetu nyuma ya mgomba, akavua kandambili zake, akaingia, akakuambia, "Njoo, mjukuu wangu, ingia, maji yana baridi tamu." Wewe ulishaanza kuinama ufungue kamba. Mimi nikapiga kelele kutoka uani, "Mama, acha! Atachafua viatu."

Vilikuwa vyeupe. Nilikuwa nimekununulia ili watu waone nimefanikiwa. Mama akakuachia mkono, akajifutia tope kwenye kanga, akasema twende tukale. Hakunilaumu wala hakununa, na hata leo nikimkumbusha anasema hakumbuki. Sijui kama ni kweli.

Sasa elewa kwa nini nilikurukia siku ile uliporudi na habari kwamba umepata kazi huko, miaka mitatu, kukarabati nyumba tupu na kusaidia mashambani. Nilikurushia methali. Nilisema, "Mkataa kwao mtumwa," na nilisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Nilitegemea unijibu kwa Kiingereza, kama kawaida, ili nipate la pili la kulalamikia. Ukaniangalia ukasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Baba, kwetu ni wapi? Nionyeshe, niende."

Mama yako akaacha kukata kitunguu. Mimi nikaondoka kwenda kuangalia boila ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Kuna wazazi ambao hapa wangeanza kukupa mawaidha. Mimi sina ya kukupa ambayo hayajanivunjikia mkononi. Nitakueleza tu yaliyonipata, utachukua utakalo.

Nilipoondoka nyumbani nilimwambia mama, "Miaka miwili, mitatu, narudi." Sikudanganya, niliamini. Kosa langu ni kwamba niliendelea kuisema kila Krismasi, hata nilipokwisha kuacha kuiamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kunyamaza. Mama aliacha kuuliza. Nilidhani amezoea. Nadhani sasa alikuwa ananionea huruma nisiendelee kusema. Kwa hiyo Bibi Haruko akikuuliza utakaa mpaka lini, mpe jibu dogo la kweli. Ukisema mpaka mavuno, kaa mpaka mavuno.

Lingine ni la watoto wake. Ulishawahi kunisimulia kuhusu wale wawili walioko Osaka, kwamba wanapiga simu Jumapili na mazungumzo hayavuki hali ya hewa. Ulisema kwa dharau kidogo, "Seriously Dad, dakika tano tu, halafu bai." Nilicheka nawe. Lakini kwa kweli nilikuwa upande wao, mwanangu. Mimi pia ninampigia mama Jumapili, nikishakata simu yako, na mimi pia ninauliza kama mvua imenyesha. Unampenda mama, una mengi kifuani, halafu unakuta mdomoni pana mvua tu. Siku mtoto wake akija kijijini na viatu vyake vya mjini, usimcheke. Msogezee nafasi mferejini, na akitupa tope upande wa juu, mwache. Mama yake atamrekebisha, na huenda ndiyo raha pekee waliyobakiza.

Na yule bibi akianza kukuita mjukuu, itika. Hilo ninaliandika huku meno yameumana, lakini itika. Najua ameshaanza. Nilisikia.

Hapo tunafika kwenye ile simu ya video, mwezi uliopita, uliponilazimisha nimsalimie. Nilichana nywele. Nilivaa shati la kanisani, ili asidhani umetoka kwa watu ovyo. Akatokea kwenye skrini, kibibi kidogo chenye meno yake yote, amevaa aproni, akainamisha kichwa mpaka nikaona utosi. Alizungumza kirefu. Wewe ukatafsiri, "Anasema ahsante kwa kunilea vizuri."

Nikasema, "Mwambie sikukulea kwa ajili yake."

Ulinikazia macho, ukamgeukia ukasema maneno fulani ya Kijapani, matamu matamu, naye akacheka akainama tena. Mpaka leo hujaniambia ulimtafsiria nini, na mimi sitaki kujua. Ila niliona jinsi ulivyomtazama. Uso wako ulitulia. Mezani kwangu hapa haujatulia hivyo tangu ulipokuwa mdogo. Hapa huwa unasubiri nimalize kuzungumza. Niliona, na nilimchukia yule bibi kwa dakika nzima, na yeye alikuwa ananitabasamia.

Halafu akauliza lile swali. Ulisita kidogo kabla ya kutafsiri. "Anauliza, kwenu nako kuna mfereji? Nimemwambia upo. Sasa anauliza unasafishwa na nani."

Nikasema, "Mtandao unakatika." Nikabonyeza kitufe.

Mtandao ulikuwa mzima, unajua hivyo. Ulikuwa mzima kuliko mimi. Ukweli ni kwamba wiki ile ile baba yako mdogo Mbazi alikuwa amenipigia kutoka nyumbani. Kwa miaka yote hii yeye ndiye anayesafisha vipande viwili, chake na cha mama, ili nyumba ya mama isitolewe kwenye zamu ya maji. Sasa mgongo umemkataa. Wazee wa mfereji wamekaa wakasema hawataki tena pombe ya miwa wala maneno mazuri kutoka kwa walioko mbali. Kabla ya masika haya kila nyumba ilete mtu wake, mwenye miguu, asimame mferejini. Nyumba isiyoleta mtu, zamu yake inagawiwa wengine. Mbazi alisema hayo taratibu, kama mtu anayeogopa kumwudhi mgonjwa. Kisha akasema, "Kaka, mama ameanza kunoa jembe. Anasema ataingia mwenyewe."

Ana miaka themanini na tatu. Na ataingia, unamjua, au pengine humjui, na hilo ni kosa langu jingine.

Nikajua nimekaa Toronto ninamwonea wivu bibi wa watu kwa sababu ana kitu ambacho mama yangu hana, yaani mtu wa kuingia mferejini kwa niaba yake. Na hakumwiba. Mlango wake ulikuwa wazi, wangu ulikuwa na viatu vyeupe.

Wivu haukuisha kwa kujua hivyo, usinielewe vibaya. Ulizidi, kwa sababu ya gambuti. Nilikwenda mpaka Agincourt kukununulia, nikapanda mabasi mawili, nikachagua zile za kijani zenye bitana ndani, namba yetu, maana miguu mikubwa umeirithi kwangu na mimi nimeirithi kwa mama. Nilikuwa nimejiambia kwamba sawa, aende, lakini atasimama kwenye tope la watu ndani ya viatu vya baba yake. Nikakuletea boksi. Ukafungua, ukasema, "Oh, Dad." Ukanionyesha picha kwenye simu. Ngazi ya mlango wa Bibi Haruko, gambuti zimepangwa: zake ndogo, za marehemu mumewe ambazo hajazitoa, na katikati jozi mpya, jina lako limeandikwa ndani kwa maandishi yao. Alishazinunua. Alijua hata namba.

Ulinikumbatia ukasema utazibeba hizi pia. Nikasema hapana, sanduku litazidi uzito. Mama yako akasema nizirudishe dukani, nikasema risiti imepotea. Risiti ilikuwa mfukoni. Nilizisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Leo mlipotoka nimezivuta. Nimekaa hapa hapa jikoni, nikavua malapa, nikazivaa. Namsifu, zimenikaa sawasawa. Nimetembea nazo kutoka jokofu mpaka dirishani, nikarudi, nikachukua ufagio, nikakalisha mpini juu ya goti nikazungusha kiuno. Mgongo umelia kidogo, lakini kiuno kinakumbuka. Jirani wa ng'ambo, yule Mkongo, alikuwa kwenye roshani yake akaniona kupitia kioo. Amenipungia mkono kwa wasiwasi.

Kisha nimempigia meneja wa jengo nyumbani kwake, siku ya mapumziko, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nimemwambia nataka likizo yangu yote niliyolimbikiza. Akauliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna mfereji. Akasema nijaze fomu. Baada yake nimempigia Mbazi. Sikumwambia mama, kwa sababu safari hii sitaki kuahidi. Nataka baragumu likilia atoke na jembe lake lililonolewa, anikute nimeshaingia.

Mama yako bado hajui. Nitamwambia jioni, naye atasema nimepagawa, kisha atanipangia soksi.

Sikuombi uache kazi yako uje. Ulisema nikuonyeshe kwetu, nami nilikimbilia kwenye boila. Ninakwenda kwanza nikaangalie kama bado pananijua. Nikikuta kipande chetu kimeota majani nitakifyeka, nikikuta ukingo umebomoka nitaujenga, na zamu ya maji itabaki kwa jina la nyumba yetu, ili siku yoyote utakayotaka kuja uwe na mahali pa kusimama. Njoo na viatu vyovyote. Unaweza kuja hata na Bibi Haruko, na nitampa kiti, ingawa sitaahidi kumchangamkia.

Wivu bado ninao. Kesho uwanja wa ndege utauona usoni kwangu, na ukifika hapa kwenye barua utajua ulikuwa nini. Utakapotuma video ya mfereji wao mwaka huu nitanuna tena, na nitaitazama mara nyingi, na nitamwonyesha mama yangu aone ngoma yake ilikofika. Yeye atafurahi. Yeye hana tabia zangu.

Nakuomba jambo moja tu. Ukishamaliza kusoma, kabla hujavaa gambuti zako pale ngazini, mtafute yule bibi, mwambie samahani kwa ule mtandao. Kisha mpe jibu la swali lake, na hili ulitafsiri kama lilivyo, usilitie utamu. Aliuliza mfereji wa kwetu unasafishwa na nani. Mwambie mwaka huu kipande cha mama yangu kinasafishwa na mwanawe.

Ni mimi baba yako,
mwenye miguu mikubwa.